Punje ya Mchele

Kompyuta ilikuja imefungwa khanga
kwenye bodaboda, kutoka Kibosho,
na karani wa chama cha kahawa, Elinami Mushi,
ameikumbatia kama mgonjwa wa kuwahishwa KCMC.

"Fundi yuko wapi?"
"Ameshika bisibisi," nikamjibu.
Akautazama mkono wangu. Akakaa.

Inazimika, anasema.
Ikifika mkulima wa mia mbili na kumi na mbili
inanguruma kama mashine ya kukoboa,
kisha kimya.
Na malipo ya pili yana watu wake, watu wenye ada za shule.

Naufungua ubavu.
Makapi ya kahawa, unyoya wa kuku
(ofisi imepakana na banda; hilo halikusemwa),
feni imejifunika blanketi la vumbi.
Naipulizia nje, upande wa mtaro.
Fundi cherehani jirani ananitukana, kwa upole wa kila siku.

Skrubu nne, kwa mshazari,
hii kidogo, ya mkabala kidogo,
usimalize moja ukaiacha nyingine inalia.
Kipozeo kinang'ang'ania. Nakizungusha. Kinaachia,
na hapo chini, ukoko.

Ukoko kabisa, wa kijivu, umepasuka
kama ardhi ya Mwanga mwezi wa kumi.
Mimi ni mla ukoko, sijifichi,
lakini huu ni wa miaka tisa.

Pamba, spiriti. Nafuta, nageuza pamba, nafuta
mpaka bati linanirudishia jicho langu moja.
"Mbona ni laini," anasema Elinami, "si urudishie tu?"

Laini? Kaka, macho husamehe mengi.
Hata mlima, ukiutazama kutoka hapa Kiusa alfajiri,
utadhani mtu kaukata kwa wembe.
Ukaribie: genge, bonde, genge, na katikati upepo.
Bibi yangu wa Marangu alisema
Mawenzi alikwenda kwa Kibo kuomba moto
akarudishwa kwa mchi mgongoni.
Chuma na chuma ndivyo walivyo.
Pakiwa na hewa kati yao, moto hauendi kwa jirani,
unabaki kumuunguza mwenye nyumba.

Sirinji imebaki mkiani.
(Yupo mtu pale Mbuyuni anapaka dawa ya meno.
Mashine zake nazipokea baada ya wiki mbili,
zinanukia mnanaa.)

Nilipokuwa najifunza nilipaka
kama siagi kwenye mkate wa sikukuu.
Naetwe, mwalimu wangu, mdogo kwangu kwa miaka minne,
akafuta yote mbele ya mteja.
"Hii si chakula. Inajaza pale vyuma visipogusana.
Ikizidi hapo ni uchafu wa bei ghali.
Punje ya mchele."
"Mchele wa Mbeya au wa Chekereni?"
Akanipiga kofi la bega.

Nashusha pumzi. Nakandamiza.
Punje moja, katikati,
kijivu kama wingu la Juni.
Kipozeo kinashuka wima, na sitaiona ikitambaa.
Hakuna aliyewahi kuiona: ukifungua kuhakikisha
umeshaiharibu.

Umeme unakatika nikiwa skrubu ya tatu.
Tunakula ndizi za kuchoma kutoka kwenye gazeti.
Nanawa mara mbili. Dakika arobaini.

Unarudi.
Tisini na sita, ndivyo ilivyoingia.
Sasa hamsini na tatu. Hamsini na mbili. Feni inanong'ona.
Elinami anafungua daftari lake, anateremka,
mia mbili na kumi na mbili, anapita, anasimama.

Mia mbili na kumi na tatu: Mushi, Ndeonasia. Kilo arobaini na moja.
"Mama," anasema, si kwangu.

Nalipwa. Khanga inafungwa tena.
Kidole gumba changu kina doa la kijivu
ambalo sabuni hailiwezi.